Mtani Aliyeitwa Kibaha

Kama ulikufa Maneromango na Stellamaris hakuja kukusema mbele ya jeneza lako, ujue hukuwa mtu wa maana. Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke wa Kinyamwezi, mnene, sauti kama spika ya mnadani, anauza mihogo ya kukaanga pale njia panda. Akisikia kuna msiba kwa Wazaramo anazima jiko, anajifunga kanga kiunoni, anakwenda kumchamba marehemu mpaka wafiwa wanacheka makamasi yanawatoka. Hakuna anayemtuma. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu waliokuwa wanabeba mizigo kuja pwani, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea, anataja vimada wake, anazuia jeneza mlangoni mpaka apewe kuku. Mfiwa akinuna, aibu ni yake mfiwa.

Hiyo ndiyo sheria aliyoikuta, akaishika. Sheria nyingine zilikuja baadaye, na hakuna aliyekuja kumsomea.

Huku hakuzaliwa. Aliletwa na mume wake, Ponsiano, fundi mwashi, kutoka Urambo, kuja kujenga madarasa. Kazi ikaisha, Ponsiano akasema tubaki, nitapata kazi nyingine. Alichopata ni homa. Akafa, akamwacha mke na mtoto mgongoni, Aneth, hana hata meno. Stellamaris akakaa kwenye mkeka analia, hana ndugu hata mmoja karibu, hajui nani atachimba kaburi, hajui hata aanzie kumuuliza nani.

Ndipo akaingia jamaa mmoja mrefu, ana kofia ya vito, amevaa mabuti ya kazi ya Ponsiano, la kulia kaliweka kushoto na la kushoto kulia. Mkononi kashika pima maji ya marehemu. Akaiweka juu ya jeneza, akainama, akafumba jicho moja.

"Limepinda," akasema. "Huyu bwana kajenga kuta zimepinda maisha yake yote, leo hata sanduku lake limepinda. Wanyamwezi mnajua kubeba tu. Nani aliwadanganya mnaweza kujenga?"

Watu wakaangua kicheko. Stellamaris naye akacheka, halafu akashtuka kwamba anacheka. Makaburini yule jamaa akaingia shimoni, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Jogoo hakukuwepo. Akapewa kandambili za marehemu, akatoka, akazivaa hapo hapo juu ya mabuti. Matanga yalipoisha ni yeye huyo huyo aliyekwenda kwa wenye eneo pale njia panda, akawaambia huyu mama mpeni sehemu ya kuweka jiko, ni mtani wetu, akilala njaa atatutia aibu.

Jamaa mwenyewe ndiye Abdulaziz, ambaye baadaye aliota mvi akawa Mzee Abdulaziz, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Toka siku ile hawakuwahi kusalimiana vizuri. Akipita njia panda anamuuliza, "We mpagazi, leo umebeba nini?" Na Stellamaris anamjibu, "Nimebeba njaa yako, njoo ule, Mzaramo usiyejua kulima." Wakikaa wiki hawajatukanana, mmoja lazima aulize mwenzake anaumwa nini. Stellamaris alipata kwao kupitia mdomo wa mtu yule. Hilo alilijua, na mdomo wake mwenyewe aliuchukulia hivyo: siyo mchezo, ndiyo uenyeji wake.

Sasa Mzee Abdulaziz akafa yeye.

Stellamaris alilia peke yake nyuma ya jiko, akanawa uso, akaenda. Akaingia chumbani kwa mjane, Bi Mwanahalima, akachukua kanzu ya marehemu, akaivaa, ikambana kama gunia la mkaa. Akavaa kofia. Nyuma ya nyumba akaokota ndoo na kipande cha bomba. Wanaume walipolitoa jeneza, wakamkuta kasimama katikati ya njia, mguu mmoja anauburuta kama mzee alivyokuwa anauburuta. Ustadhi akajifanya anatafuta kitu mfukoni, akampisha.

"Asalaam aleikum, kamati," akaanza, na sauti ilikuwa ya Abdulaziz kabisa, ile ya kupitia puani. "Akidi imetimia? Haijatimia. Posho je? Posho ipo, tuendelee. Mimi ndiye mwenyekiti wenu wa maji. Mradi ulikuja, mabomba yalikuja, mkaniuliza maji yako wapi. Maji yako kwangu. Nyie mmeteka bwawani pamoja na ng'ombe, mimi nimeoga asubuhi na jioni. Sasa naondoka, na mabomba yangu naondoka nayo, maana nasikia huko niendako kuna joto."

Bi Mwanahalima alicheka mpaka akaanguka ubavu, wanawake wakamshika. Wabeba jeneza walitikisika mabega. Stellamaris akaendelea:

"Na nyie mnaojiliza hapo, nani hakuchota kwangu? Nilimfukuza nani? Mlikuja usiku mlikuja mchana, mkachota bure, mkachafua ua wangu. Leo hamnililii mimi. Mnalilia bomba."

Hapo kicheko kikageuka. Watu walianza kulia kweli, kwa sababu ilikuwa kweli. Bomba lilikuwa kwake peke yake, na mzee hakuwahi kumnyima mtu. Yote mawili. Kijana wake mkubwa, Khalfani, anayefanya kazi ofisini Dar, ndiye aliyekuja na kuku mkononi, machozi yanamtiririka na meno yako nje. "Mtani, chukua huyu, mruhusu mzee aende, atakuta nafasi zimejaa." Stellamaris akapisha. Mzee akaenda. Ulikuwa msiba mzuri, kama kuna kitu cha namna hiyo.

Dada yake Khalfani, Raudha, alikuwa amerekodi kwa simu. Hakuwa na ubaya. Alitaka kumkumbuka baba yake anavyoigizwa, akakata kipande cha mwanzo kinachochekesha, akaweka stetasi na vikatuni vya kucheka na kulia. Nani asiyefanya hivyo? Kutoka pale mtu kamrushia mtu, mtu kaweka kwenye grupu, na kwenye grupu kuna hao wadudu wanaoishi kwa misiba ya wenzao. Kesho yake kikatokea kwenye ukurasa mmoja wa umbea unaitwa Pwani Motomoto, juu wameandika kwa herufi kubwa: MAMA AMWAGA MBOGA MSIBANI, MWENYEKITI ALIVYOTAFUNA MRADI WA MAJI. Hakuna neno mtani hapo. Ile sehemu ya pili, ya watu kuchota bure, hakuna.

Aneth ndiye aliyempigia mama yake. Alikuwa anasoma chuo Kibaha.

"Mama, umeona?"

"Nimeona nini na simu yangu hii? Ina tochi tu."

"Uko mtandaoni, mama. Uko kila mahali."

"Mimi niko njia panda hapa, nageuza mihogo."

Mwisho wa wiki Aneth akaja nyumbani na simu yake, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumsomea komenti. Akawa anaruka ruka. Mama yake akamwambia asome zote, asichague. Basi akasoma. Kuna waliosema huyu mama jasiri, apewe wizara ya maji, na kwa taarifa yako hao ndio waliomponza zaidi, maana walifanya kitu cha kucheka kikawa cha kukamatana. Kuna waliosema yule mwizi afukuliwe, achomwe. Wakaingia wa dini wakatukanana na wa dini. Wakaingia wa makabila. Halafu wakamgeukia yeye. Tenki la lita elfu tano. Mchawi huyo, anacheza na maiti. Mjane gani mnene hivyo, kamla mumewe. Mtu mmoja alikuwa kachukua uso wake akaubandika kwenye mwili wa mwanamke aliye uchi, akaandika bei.

Aneth hapo akashindwa kusoma. Akageuza simu mama yake aone mwenyewe.

Stellamaris aliiangalia ile picha kwa muda. Amewatukana watu miaka yote hii, hakuna tusi asilolijua. Lakini yeye alikuwa anatukana akiwa amesimama hapo, mtu anamwona, anaweza kumrudishia, na keshokutwa akifiwa yeye wanakuja kumlipizia wote. Huyu wa kwenye simu yuko wapi akarudishiwe?

"Chuoni wameiona?" akauliza.

"Wameiona."

Akamrudishia simu yake.

Wiki haijaisha, mtendaji wa kijiji akaja njia panda, akanunua mihogo ambayo hakuila, akasema, "Mama Aneth, unatakiwa Kibaha. Mkoani. Kuna malalamiko ya mtandao." Alivyosema mtandao alishusha sauti kama anataja ugonjwa.

Akaenda. Alivaa gauni la kanisani. Kule ofisini alikutana na afande mmoja mwembamba, mstaarabu, akamvutia kiti. Na kwenye kiti kingine alikuwepo Khalfani, shati jeupe, hamwangalii.

"Shikamoo mama," akasema afande.

"Marahaba, baba."

"Naomba simu yako."

Akaitoa kwenye pochi. Afande akaigeuza huku na huku.

"Nyingine?"

"Hiyo hiyo."

"Nasema ile uliyorushia klipu."

"Baba, mimi nikirusha kitu narusha kwa mkono."

Askari mmoja aliyekuwa mlangoni akacheka, halafu akajikausha. Afande naye alikuwa anang'ata mdomo. Akaiweka ile simu mezani taratibu.

"Mama, nikwambie ukweli. Mimi Mzaramo wa Vihingo. Hiyo klipu nimeiangalia, nimecheka, mke wangu kacheka. Ukiwa kwenye mkeka wa msiba, ule ni utani, mimi siwezi kukugusa. Lakini kitu kimeshatoka kwenye mkeka. Kimekwenda kwa watu ambao hawana utani na wewe. Wao wanaona mama anamtaja mtu kwa jina anasema kala mradi. Mradi una wafadhili, una halmashauri, mimi napigiwa simu. Huko inaitwa taarifa. Na taarifa kama huna ushahidi nayo ni kosa."

"Nani kakitoa kwenye mkeka?"

Afande akamwangalia Khalfani. Khalfani akaangalia viatu vyake.

"Hilo linachunguzwa," akasema afande.

"Linachunguzwa nini? Ni Raudha, kila mtu anajua."

"Raudha alikuwa kafiwa," akasema Khalfani. "Hakuwa na nia mbaya."

"Na mimi nilikuwa na nia gani? Khalfani, niangalie. Kuku si ulinipa wewe?"

 Stellamaris akamwita Aneth aliyekuwa anasubiri nje, akachukua simu yake, akamwonyesha afande zile komenti na ile picha. Afande akaangalia. Uso ukambadilika kweli kweli, siyo wa kuigiza.

"Hii ni mbaya," akasema. "Hili ni kosa kabisa, mama. Hili hata halina mjadala."

"Basi wakamateni."

Afande akashusha pumzi. "Huyu anajiita Chui wa Jiji. Huyu anajiita Mtoto wa Mama Sufuri Saba. Huo ukurasa wenyewe hatujui mwenye nao anauendeshea Buza au Uarabuni. Tunaandika barua, wenye mtandao wanakaa nayo. Inachukua muda."

"Kwa hiyo wao kosa lao ni kubwa ila hawajulikani."

"Ndiyo hali ilivyo."

"Na mimi nilisema na jina langu, na sura yangu, mbele ya ustadhi. Ndiyo maana niko hapa."

Afande akaisogeza ile simu ya tochi upande wa mama. Akawaambia wakaongee nje kama familia, wakielewana yeye hana haja ya kufungua jalada. Kwa sababu likifunguliwa, akasema, yeye hawezi tena kulifunga.

Nje, pembeni ya ukuta zilipoegeshwa pikipiki zilizokamatwa, askari wa mlangoni akiwa kasimama nyuma ya Stellamaris, Khalfani ndipo alipopata sauti.

"Unadhani mimi napenda hivi? Unadhani napenda? Ofisini kwangu wanaangalia baba yangu anaitwa mwizi. Nimefungua simu asubuhi, mtu hajui hata Maneromango iko wapi, anasema mzee akafukuliwe achomwe. Na kura za udiwani zinakuja, nilishawaambia watu nagombea, sasa wananiuliza mabomba yako wapi. Hao watu siwezi kuwashika. Hata mmoja. Nani ninayeweza kumshika? Niambie, nani?"

"Mimi."

"Wewe."

Angalau hapo alisema ukweli. Na machozi yalikuwa machoni, hilo Stellamaris aliliona, hakuwa kipofu. Mtoto aliyemfahamu tangu anavaa kaptula imechanika matakoni, leo anamwambia hivi.

Alichotaka Khalfani ni klipu. Arekodi kwa simu yake, Stellamaris aombe radhi, iishe. Akamtajia maneno ya kusema: mimi Stellamaris Ponsiano, kwa hiari yangu, nasema niliyoyasema kuhusu marehemu Abdulaziz ni uongo, naomba radhi kwa familia na serikali. Akainua simu. Aneth akasogea pembeni.

"Mimi Stellamaris Ponsiano," akaanza, "kwa hiari yangu, na hiari yenyewe hii hapa nyuma yangu imevaa buti."

Askari wa mlangoni akageukia ukuta, mabega yanamcheza. Khalfani akashusha simu.

"Mama, usitanie."

"Sijatania. Nimesema kilichopo."

"Tuanze tena."

Wakaanza tena. Safari hii alifika mbali. Akataja jina, akataja hiari, akafika kwa marehemu Abdulaziz, na hapo akakwama. Hajawahi katika maisha yake kulitaja jina lile kwa heshima. Hajui linatajwaje. Likatoka lenyewe kama lilivyozoea kutoka: "Marehemu Abdulaziz hakuwa na bomba. Kwanza alikuwa haogi. Ule unyevu wa asubuhi ulikuwa umande."

Na Khalfani, usiombe kuona kitu kama kile, Khalfani akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, cha baba yake kabisa, cha puani. Kwa muda kidogo walikuwa pale ukutani mtani na mfiwa wake. Stellamaris akadhani imeisha, akadhani atasema mtani bana twende zetu nyumbani.

Khalfani akafuta uso kwa kiganja. Alipoutoa mkono, alikuwa mtu mwingine.

"Aneth anasoma hapa hapa Kibaha," akasema. "Akianza kuitwa shahidi, kila wiki, atasoma saa ngapi?"

Wewe ungefanyaje? Watu wanapenda kusema ningekataa, mimi ningewaambia wanifunge. Wanasema wakiwa wamekaa kwenye kochi na bando lao. Stellamaris alimwangalia mtoto wake, akaona anavyobana mkoba kifuani, akafumba macho. Akasema yote, mwanzo mpaka mwisho, kama mtoto wa shule anayesomeshwa asichokielewa. Marehemu ni mtu mwema. Nilisema uongo. Naomba radhi. Sauti haikuwa ya mtu yeyote anayejulikana.

"Hapo sawa," akasema Khalfani. Akaenda kumwonyesha afande. Afande akampa mkono mama, akasema kwa upole kabisa kwamba akirudia, siku nyingine hawataongea hivi.

Na unadhani ilisaidia? Klipu haijamaliza siku, Pwani Motomoto wakaidaka: MAMA BOMBA AUFYATA. Chini yake komenti mpya. Kanunuliwa. Kapewa ngapi. Angalia anavyofumba macho, mwongo huyo. Wale wale waliomwita jasiri sasa wanamwita msaliti, na Mzee Abdulaziz bado wanamwita mwizi, tena sasa mwizi anayetetewa. Khalfani hakupata alichotaka, na Stellamaris hakubaki na alichokuwa nacho.

Njia panda pakaharibika. Wanakuja vijana na pikipiki kutoka mpaka Kisarawe mjini, hawanunui hata kipande, wanainua simu. "Mama Bomba, toa neno moja." Yeye anawauliza wanataka wa chumvi au wa pilipili. Basi. Wazaramo wake wa siku zote wakimchokoza, we mpagazi vipi, anatabasamu, anawafungia mihogo kwenye gazeti. Msiba mmoja ukapita upande wa shule, akapeleka unga, akarudi. Mwingine ukapita, hakwenda. Watu walisema anaumwa.

Ikaja arobaini ya Mzee Abdulaziz. Bi Mwanahalima alitoka ndani kwa mara ya kwanza kuja kumwona, akakaa kwenye benchi la wateja, eda yake na kila kitu, hakujali watasema nini.

"Mtani, tunasoma arobaini ya mwenzako. Uje ututoe msiba, bila mtani hautoki."

"Mwanao kaniambia nifunge mdomo."

"Mwanangu ni mtoto. Mkeka ni wangu."

Stellamaris akageuza mihogo kwanza. "Nitakuja. Ila kabla sijasema neno, simu zote ziwekwe kwenye beseni. Zote. Ikibaki moja, siongei."

"Nitawaambia."

Na aliwaambia. Dua ilipokwisha, kabla ya chakula, Bi Mwanahalima akachukua beseni la plastiki, akatangulia yeye, akatumbukiza simu yake. Ustadhi akaweka yake. Raudha akaweka, akiwa ameinamisha kichwa. Wazee wawili watatu. Halafu beseni likafika kwa waliobaki, ua mzima, watu waliotoka mjini, watu waliokuja kwa ajili ya yule mama wa kwenye simu, na hapo Stellamaris akasimama mbele yao akiwa hajavaa kanzu wala kofia, gauni lake tu, akasema:

"Wekeni simu hapo."

Wakacheka. Walidhani kaanza.

"Nasema wekeni simu kwenye beseni, au mimi naondoka."

Wakacheka zaidi. Mmoja akapiga kelele, "Simu zinataka kuoga, Mama Bomba kaleta mpaka beseni." Simu zikapanda juu badala ya kushuka, moja, nyingine, zikawa nyingi, vioo vyote vinamwangalia yeye. Khalfani alikuwa amesimama mlangoni, yake iko mfukoni, kaifunika kwa mkono.

"Sitanii," akasema Stellamaris.

Hapo ndipo walipocheka mpaka wakashikana.

Aliwaangalia. Maneno alikuwa nayo, usidhani yalikuwa yamekauka. Alikuwa nayo ya arobaini nzima, alilala nayo, alikaanga nayo mihogo. Alikuwa na ya Khalfani anavyolia na kucheka kwa wakati mmoja, alikuwa na ya mzee kufika kule akakuta hakuna kamati. Akayameza, akapita katikati ya watu mpaka kwenye mkeka wa Bi Mwanahalima. Akapiga magoti. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole na msiba, Bi Mwanahalima," akasema. "Mungu ampumzishe mahali pema."

Mtani hatoi pole. Pole inatolewa na jirani, na mtu wa ofisini, na mgeni aliyepita akaona watu wamekaa. Mtani akikupa pole amekuvua undugu. Kina mama wa Kizaramo waliokuwa karibu walielewa palepale, mmoja akajifunika kanga mdomoni. Huko nyuma vijana bado walikuwa wanarekodi, wanasubiri sehemu ya kuchekesha.

Kule jikoni kulikuwa na sufuria la nyama waliloliacha wazi makusudi, kwa sababu mtani anakuja kuiba na wapishi wanamkimbiza na miiko, ndivyo inavyokuwa. Hakwenda. Alikaa mwisho wa mkeka, karibu na bwana afya na mwalimu mgeni. Raudha akamletea pilau yake peke yake kwenye sahani, na kijiko, na kitambaa cha karatasi kimekunjwa.

Bi Mwanahalima alikuwa anamwangalia muda wote. Macho yalikuwa mekundu, na hasira ilikuwemo pia, hasira ya mtu ambaye msiba wake haujatolewa.

"Karibu chakula, mgeni," akasema.

"Ahsante," akasema Stellamaris, akachukua kijiko.